Kwenda Stromboli: mwongozo wa kisiwa chenye volkano isiyolala

Stromboli ni kisiwa cha Italia kilichoko kaskazini mwa Sisilia, cha mwisho kabisa upande wa kaskazini-mashariki katika visiwa ambavyo Waitaliano huviita Eolie. Eneo lake halifiki kilomita za mraba 13, na wanaoishi huko mwaka mzima ni mia kadhaa tu. Kisiwa chenyewe ni mlima. Kilele kiko mita 924 juu ya bahari, na sehemu iliyozama ni kubwa kuliko inayoonekana, kwa kuwa kitako chake kiko kama mita 2,000 chini ya maji. Kwa kawaida mlima hutema moto kila baada ya dakika 10 hadi 20, usiku na mchana, na umekuwa ukifanya hivyo kwa karne nyingi. Mabaharia waliupa jina la mnara wa taa wa Mediterania.

Wageni wengi hupanga safari yao kwa kuuangalia mlima. Kinachoamua safari ya Stromboli ni bahari. Mlima utaukuta palepale. Boti ndiyo inayoweza isije. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mambo ya majini na kalenda, kisha unapanda juu.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Mei, Juni, Septemba na siku za mwanzo za Oktoba ndizo nzuri kuliko zote. Boti ni nyingi, nyumba za wageni ziko wazi, na joto halikatishi tamaa ya kutembea. Julai bado inavumilika. Agosti, hasa siku zinazozunguka tarehe 15 ambayo ni sikukuu kubwa ya Waitaliano, bei hupanda, vyumba huisha miezi kabla, na nafasi za kupanda mlima hugombaniwa.

Kuanzia Novemba hadi Machi hoteli nyingi na migahawa karibu yote hufungwa, na bahari ikichafuka kisiwa kinaweza kukaa siku kadhaa bila boti. Asiye na shughuli maalumu huko asiende miezi hiyo. Mwisho wa kiangazi na vuli vina hatari nyingine: mvua za ghafla hushusha matope kutoka mlimani hadi vichochoroni, kama ilivyotokea Agosti 2022 baada ya moto wa mwezi Mei mwaka huo kuteketeza mimea iliyokuwa ikishikilia udongo.

Hatua ya 2: Viza, kwa anayeihitaji

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya ambamo Italia imo, hata kama anaishi Uingereza au Ghuba. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen hahitaji. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na nusu yake kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa hai walau miezi 3 baada ya siku ya kutoka. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Hakikisha inalipia pia kupanda milima na kusafirishwa kwa helikopta, kwa sababu mgonjwa mahututi Stromboli huondolewa kwa helikopta.

Kuna mtego mmoja unaowahusu hasa waendao visiwani. Stika ya viza ina tarehe za kuanza na kuisha, halafu ina idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Mara nyingi tarehe ya mwisho huwa mbele kwa siku 15, na mtu hudhani ana muda, kumbe siku zenyewe alizopewa ni 8. Bahari ikikuzuia siku mbili, umezidisha. Unapojaza fomu, omba siku tatu au nne zaidi ya ratiba yako na uweke vyumba vinavyoweza kufutwa bila faini kwa siku hizo.

Hatua ya 3: Fika bandarini

Kuna milango miwili mikuu.

Wa kwanza ni Milazzo, mji wa pwani ya kaskazini ya Sisilia. Uwanja wa ndege ulio karibu na wenye ndege nyingi ni wa Catania, unaofikika kwa kuunganisha Istanbul au Roma. Kiangazi kuna basi la moja kwa moja kutoka uwanjani hadi bandari ya Milazzo, mwendo wa saa 2 hivi. Nje ya msimu pitia Messina, kisha panda basi jingine. Treni nayo hufika Milazzo, lakini stesheni iko kilomita kadhaa kutoka bandarini, kwa hiyo hesabu na teksi.

Kutoka Milazzo kuna boti ya mwendo kasi, aliscafo, na kuna meli kubwa ya magari, nave. Aliscafo huchukua kama saa 3, ikipitia Vulcano, Lipari, Salina na Panarea kabla ya Stromboli; zipo chache zinazoruka baadhi ya vituo. Meli huchukua karibu mara mbili ya muda huo, na tiketi yake ni nafuu. Usiidharau. Mawimbi yakisimamisha aliscafo, mara nyingi meli huendelea kufanya kazi kwa sababu ni nzito.

Mlango wa pili ni Napoli. Meli ya usiku huondoka jioni na kuingia Stromboli alfajiri, baada ya saa 10 hivi, lakini hutoka siku chache tu kwa wiki. Chukua kabini kama unaweza, upate kulala. Kisha amka mapema utoke nje kabla ya kufika: gizani utauona moto wa mlima ukiwaka na kuzimika ukiwa bado mbali baharini. Kiangazi kuna pia aliscafo kutoka Napoli.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa:

- Ratiba hubadilika kwa msimu, na boti ya Jumanne si lazima iwepo Jumatano. Soma tarehe yako hasa.
- Saa huandikwa kwa mtindo wa saa 24. 14:30 ni saa nane na nusu mchana, 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi. Simu ikibaki kwenye saa ya Afrika Mashariki, utakuwa mbele kwa saa 1 kiangazi na saa 2 majira ya baridi.
- Kisiwa kina vituo viwili, Stromboli na Ginostra, na hakuna barabara kati yake. Ukishuka Ginostra ukidhani umefika kijiji kikubwa, utasubiri boti nyingine.
- Sanduku kubwa hulipiwa tiketi yake kwenye aliscafo. Nauli pia huongezwa ada ndogo ya kuingia visiwani.

Kwa nini Stromboli ndiyo hurukwa kwanza bahari ikichafuka? Kwanza, iko pembeni kuliko visiwa vingine vya kundi hilo. Pili, haina bandari iliyozungushiwa ukuta. Pale Scari, mahali boti zinaposhushia watu wa kijiji kikubwa, kuna gati tu lililo wazi baharini. Boti inaweza kuhudumia Lipari na Salina siku nzima, ikashindwa kabisa kufunga kamba Stromboli. Upepo wa kuuchunga ni maestrale utokao kaskazini-magharibi, na scirocco utokao kusini-mashariki. Utabiri ukionyesha mojawapo unakuja kwa nguvu, ondoka siku moja kabla.

Hatua ya 4: Panga siku zako hivi

Ratiba inayofaa kwa mtu atokaye mbali ni hii. Siku ya kwanza lala Milazzo, maana ndege ikichelewa utaikosa boti ya mwisho. Siku ya pili panda boti ya asubuhi kwenda Stromboli, na jioni yake zunguka kisiwa kwa boti ndogo. Siku ya tatu panda mlima. Siku ya nne iache bila kazi: itafidia hali mbaya ya hewa, au itakupeleka Ginostra. Siku ya tano rudi nyuma hadi Lipari na ulale hapo. Siku ya sita vuka kwenda Milazzo na uwanjani.

Usiku wa Lipari wengi huuona wa bure, lakini ndio unaoiokoa tiketi ya ndege. Lipari ina bandari bora na boti nyingi zaidi. Kamwe usitoke Stromboli asubuhi kuwahi ndege ya jioni ileile, hata kama ratiba inaruhusu.

Kuna watu huja kwa siku moja, hasa kwa boti za watalii kutoka Tropea upande wa Calabria au kutoka Milazzo. Kama huna muda, chagua zile zinazobaki hadi giza liingie. Mchana kinachoonekana ni moshi tu.

Hatua ya 5: Mahali pa kulala

Kijiji kimetandazwa kando ya bahari kwa mwendo wa nusu saa hadi dakika 40 kwa miguu. Scari iko gatini, inamfaa mwenye mizigo. San Vincenzo iko juu kidogo, ndiyo kitovu, yenye kanisa, maduka na uwanja unaotazama bahari. Ficogrande ina ufukwe mrefu wa mchanga mweusi. Piscità iko mwisho, kimya, karibu na njia ya mlimani, lakini kila ukitaka mkate utatembea.

Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: kama kuna anayekupokea gatini, na kama maji ya bombani ni ya kunywa. Kisiwa hakina mto wala chemchemi ya kutegemewa. Maji huletwa kwa meli na kutunzwa kwenye matangi na visima vya mvua. Oga upesi, wenyeji hawapendi kusikia bomba likimwagika dakika kumi. Kupiga hema hakuruhusiwi.

Hatua ya 6: Funga begi

Begi la mgongoni, si sanduku la magurudumu. Vichochoro ni vya mawe na ngazi, na magurudumu hukwama hapo.

Weka tochi ya kichwani na betri za akiba. Hii si ya mlimani peke yake: vichochoro vya kijiji havina taa za barabarani, na mwezi usipokuwepo huoni hata ukuta ulio mbele yako. Buti zinazofunika kifundo cha mguu, zenye soli yenye meno. Jaketi la upepo. Fulana ya kubadilisha, kwa sababu utapanda ukitoka jasho kisha ukae kwenye upepo. Chupa za kutosha lita 1.5 hadi 2 za maji. Miwani badala ya lenzi za machoni, maana chembe za majivu zikiingia chini ya lenzi hukwaruza jicho. Kandambili imara za ufukweni, kwa kuwa mchanga mweusi ukipigwa na jua la saa sita hauwezekani kukanyagwa. Adapta ya umeme: soketi za Italia ni za pini za mviringo, plagi ya pini tatu bapa ya kwetu haiingii, nguvu ya umeme ni ileile, volti 230. Na fedha taslimu za siku mbili, mtandao wa kadi una siku zake.

Asiye na buti anaweza kukodi kijijini. Zijaribu ukiwa na soksi nene, utembee nazo kushuka ngazi. Vidole vikigonga mbele, chukua namba kubwa zaidi.

Hatua ya 7: Kushuka gatini

Scari utapokelewa na vigari vya umeme na vile vya magurudumu matatu vya Piaggio Ape. Atokaye Dar au Mombasa atavitambua mara moja, na si kwa bahati: kampuni ya Bajaj ya India ilianza kutengeneza magurudumu matatu kwa leseni ya Piaggio. Patana bei kabla ya kupanda.

Kabla hujaondoka gatini, simama kwenye ubao wa tahadhari. Unaeleza milio ya ving'ora, njia za kukimbilia na mahali pa kukusanyika. Upige picha kwa simu.

Hatua ya 8: Mlima

Mpaka Julai 2019 vikundi vyenye kiongozi vilifika kileleni. Tarehe 3 Julai mwaka huo ukatokea mlipuko mkubwa usio wa kawaida, ukaua mtu mmoja aliyekuwa akitembea mlimani. Mwingine ukafuata tarehe 28 Agosti. Tangu hapo kilele kimefungwa. Mipaka huwekwa kwa amri ya meya wa Lipari, kwa kufuata hali ya volkano ambayo Idara ya Ulinzi wa Raia ya Italia huipa rangi: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Katika miaka ya karibuni, hali ikiwa tulivu, mtu amekuwa akiruhusiwa kwenda peke yake hadi kimo cha mita 290, na akiwa na kiongozi mwenye leseni hadi mita 400. Amri hubadilika, wakati mwingine kwa saa chache. Waulize viongozi siku ileile, usitegemee ulichosoma mwezi uliopita.

Njia huanzia Piscità, hupita Punta Labronzo, kisha hupanda kwa zigizaga kwenye kijia cha zamani cha mawe. Kuanzia kijijini hadi mita 290 hesabu saa 1 na nusu kwa mwendo wa kawaida. Juu ya hapo mawe huisha, unakanyaga mchanga na majivu yanayorudi nyuma kila hatua.

Anza ukijua saa ya machweo. Mwishoni mwa Juni jua huzama yapata saa 2:25 usiku. Mwishoni mwa Septemba kama saa 12:50 jioni. Lengo ni kufika robo saa kabla, ukae, ulione anga likibadilika. Vikundi vyenye kiongozi huondoka saa 2 hadi 3 kabla ya machweo, na utapewa kofia ngumu. Ivae, usiifunge begini.

Kutoka hapo unaitazama Sciara del Fuoco, mteremko mweusi ulio wazi kuanzia makasoko, kwenye mita 750 hivi, hadi majini. Mawe mekundu hurushwa juu, hutua, halafu hubingirika chini. Sauti hufika baada ya mwanga, maana uko mbali: kwanza unaona chemchemi ya moto, kisha husikia mngurumo, na mwisho mgongano mkavu wa mawe yakidunda kuelekea baharini. Kinachosababisha ni gesi. Mapovu makubwa hupanda ndani ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, na kupasuka yakifika juu, yakirusha vipande vya magma.

Kinachoharibu jioni, na sababu zake:

Wingu. Scirocco huleta unyevu, na wingu hukaa kichwani mwa mlima kama kilemba. Siku hiyo chagua boti badala ya kupanda, kwani ukiwa chini baharini unaweza kuona walau mawe yakishuka.

Gesi. Upepo ukigeuka, moshi wa salfa huja njiani. Mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni, si kwenye begi la chini, na amwambie kiongozi mapema.

Haraka. Watu hungoja dakika 15, hawaoni kitu kikubwa, wanashuka. Wastani wa dakika 10 hadi 20 ni wastani tu. Mlima unaweza kunyamaza nusu saa kisha ukalipuka mara tatu mfululizo. Kaa walau saa nzima.

Kushuka gizani. Ajali za vifundo hutokea wakati wa kurudi, si wa kupanda. Fupisha hatua, na usimulike mwenzako usoni.

Kwa picha, egemeza simu au kamera kwenye jiwe, zima mwanga wa fleshi, tumia mtindo wa usiku au acha lenzi wazi sekunde 5 hadi 10. Utapata mistari myekundu ya mawe.

King'ora kikilia

Tarehe 30 Desemba 2002 sehemu ya Sciara del Fuoco iliporomokea baharini, ikazusha tsunami iliyopanda karibu mita 10 kwenye ufukwe wa kijiji. Ilikuwa majira ya baridi, fukwe zilikuwa tupu. Agosti hesabu ingekuwa nyingine. Leo kuna mitambo baharini na mlimani inayoliza ving'ora yenyewe, na mlipuko mkubwa unaweza kutambuliwa dakika chache kabla.

Ukiwa ufukweni na king'ora cha tsunami kikalia, acha vitu, panda ndani ya kijiji kwa kufuata alama, usisimame kupiga picha. Ukihisi mtetemeko mkali au kuona bahari ikirudi nyuma, usingoje king'ora. Kikiwa ni cha mlipuko mkubwa, ingia ndani ya jengo lenye paa imara na ukae mbali na madirisha, maana kinachoua ni mawe yanayoanguka. Njiani, jibanze nyuma ya ukuta au mwamba, begi juu ya kichwa. Namba ya dharura ni 112.

Boti ya jioni na Ginostra

Boti ndogo huondoka Scari au Ficogrande kabla ya machweo, huzunguka hadi mbele ya Sciara del Fuoco na kuzima injini. Hupita pia kwenye Strombolicchio, mwamba wenye mnara wa taa. Ni njia nzuri kwa wazee na watoto, ila mawimbi upande huo ni makubwa kuliko uonavyo gatini. Mwenye kichefuchefu ameze dawa nusu saa kabla.

Ginostra ina wakazi wachache mno, hakuna gari, na mizigo hupandishwa ngazi kwa punda. Gati la kisasa lilifunguliwa 2004. Kabla yake watu walishushiwa kwenye mashua. Nenda asubuhi kwa aliscafo, lakini ujue boti ya kurudi ni ya saa ngapi na kama ipo.

Chakula

Samaki, ngisi na pweza ni vya kila siku. Kisiwa kinasifika kwa kepa, vitumba vya maua vinavyohifadhiwa kwenye chumvi. Vioshe mara mbili kabla ya kupika. Pane cunzato ni mkate uliochomwa ukatandazwa nyanya, kepa, zeituni na jodari, na mmoja unawatosha wawili. Asiyekula nguruwe aulize kuhusu mchuzi wa pasta, na aseme “senza maiale”. Kinywaji kitamu cha malvasia kinacholetwa mwisho wa mlo ni mvinyo.

Kuondoka

Jioni ya mwisho pita ofisi ya tiketi pale Scari uulize kama boti ya kesho imethibitishwa. Asubuhi uwe gatini nusu saa kabla, na umsikilize mfanyakazi wa gati kuliko simu yako, kwa kuwa yeye ndiye anayeongea na nahodha. Safari ikifutwa, usisubiri aliscafo inayofuata. Uliza kama meli inakuja, badilisha tiketi papo hapo, na mpigie mwenye nyumba kabla chumba hakijapewa mwingine. Mawe na mchanga wa ufukweni uviache. Sheria ya Italia inakataza kuvichukua, na faini yake si ndogo.